Chungu Kilichokula Utando

Malalamiko yaliyofika mezani kwangu Jumatatu ile yalikuwa mafupi kuliko yote niliyowahi kupokea: "Kuna togwa inachachuka. Njooni muione."

Nilicheka peke yangu ofisini. Kwa miaka kumi na nne ya kusimamia utando wetu, ile ngozi nyembamba inayolika tunayovika vyakula visioze, nimeletewa malalamiko ya kila namna. Utando umeng'ang'ania parachichi. Utando una ukali wa karafuu. Mtoto amekula utando wote akaacha chungwa. Lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba kitu kimechachuka, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kinachachuka. Maziwa yalikaa miezi miwili kabatini yakabaki maziwa. Unga ulimaliza mwaka. Nyanya niliyoisahau kwenye droo kabla ya Krismasi niliikuta Februari, ngumu na nyekundu, nikaila na chumvi.

Kisha nikasoma mstari wa pili, palipoandikwa jina la muuzaji: Sesilia Mlowe, soko la Lugelo, kibanda cha pili kutoka kisimani. Kicheko kikakatika, maana Sesilia Mlowe ni mama yangu mzazi.

Dikson Mtewele, fundi wa maabara yangu, alikuwa ameshayasoma. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, anayepiga koti lake pasi hata Jumamosi, na kanuni zote za kiwanda anazijua kwa namba.

"Daktari, nitume wapimaji?"

"Nitakwenda mwenyewe."

"Mwenyewe? Kwa ajili ya togwa?"

"Kwa ajili ya togwa, Dikson. Wewe hujiulizi inawezekanaje?"

Akaniangalia juu ya miwani yake. Ni wazi kwamba hajiulizi. Mimi nilikuwa najiuliza mpaka vidole vinawasha, na ndivyo nilivyoumbwa. Kitu kikikataa kufuata hesabu yangu, sili wala silali mpaka nijue kwa nini. La mama yangu sikumwambia. Nilijiambia kwamba nitamwambia nikirudi.

*

Lugelo iko juu kwenye milima yetu ya viazi na parachichi, na asubuhi ya mwezi wa saba ukungu huko haukuachi uone hata viatu vyako. Nilisikia foleni kabla sijaiona: wanawake wakikohoa, watoto wakigombania vikombe. Ilianzia kibandani kwa mama, ikazunguka kisima, ikapotelea kwenye ukungu.

Nikapita pembeni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kitenge mabegani, kata mkononi, na mbele yake chungu cha udongo kilekile nilichokijua tangu nazaliwa, cheusi chini na chekundu shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Na leo siyo mwisho wa mwezi." Alinitazama kuanzia viatu hadi nywele. "Umefukuzwa kazi?"

"Sijafukuzwa. Nimekuja kunywa togwa."

"Wewe? Mtu wa mashine? Panga foleni."

Watu wakacheka, nami nikapanga foleni. Mbele yangu alisimama mama mmoja kijana amemshika mkono binti yake wa miaka sita hivi, mwembamba wa miguu na tumbo limejaa kama mpira. Nikamuuliza huyo mama mtoto anaumwa nini. Akaniambia kwamba haumwi, ni tumbo la utando tu, mtoto akila maharage linavimba siku tatu. Kliniki walimpa vile vidonge vya bakteria vinavyotoka nje, vikamsaidia wiki mbili, vikaisha nguvu. "Ila hii ya Mama Laheli," akasema, "tangu Pasaka anakunywa, na juzi amekula makande, akalala vizuri."

Sikumwambia kwamba Laheli ndiye mimi. Sikumwambia pia kwamba utando ule niliutunga mimi.

Zamu yangu ilipofika mama alinijazia kikombe. Nilikinusa kwanza. Kwa kazi yangu pua ni chombo, na harufu ile sikuwa nimekutana nayo kwa miaka mingi mno: kali, safi, kidogo kama ganda la mkate wa moto. Nikanywa. Utamu wa kimea ulitangulia, kisha nyuma yake uchachu ukapanda mpaka kwenye masikio, na mate yakanijaa mdomoni. Nilijikuta nalia, hivihivi, mtu mzima sokoni. Nilikuwa na furaha.

"Imekukaba?" mama akauliza.

"Mama, unaitengenezaje?"

"Kama siku zote. Napika uji, napooza, naweka kimea, nachanganya na mbegu iliyobaki chunguni. Tangu lini hujui kutengeneza togwa?"

Nilijua. Kila mtu anajua, na ndiyo maana swali lilikuwa gumu. Kimea kinageuza wanga wa uji kuwa sukari, na kazi hiyo haihitaji kiumbe hai. Ndiyo sababu togwa ya nchi nzima iliendelea kuwa tamu. Kuchachuka ni kazi ya bakteria, na bakteria walikuwa wamenyamaza. Mahindi yote yalihifadhiwa na utando wetu, utando ukasagwa pamoja nayo, na kila debe la unga likawa na chembe za mafuta zinazotosha kuwanyima hao wadogo nafasi ya kuzaana, chunguni na hata tumboni mwa mtu. Tulijua. Kwenye ripoti tuliliita badiliko dogo la ladha.

"Hata yangu ilizimika," mama alisema, kama aliyenisikia. "Miaka mingi tu. Ikawa tamutamu, uji wa mgonjwa. Lakini mbegu sikuimwaga, niliona aibu kwa marehemu bibi yako. Nikawa nabakiza kata moja chini kila mara, najidanganya. Mwaka juzi ikaanza kuamka. Yenyewe."

"Na hapa unafunika na nini?"

Akanyanyua kifuniko. Mdomoni mwa chungu ulikuwa umevutwa utando, mwembamba na wenye rangi ya chai hafifu, umelegea kwa mvuke. Niliutambua kabla sijaugusa. Ni vipande vya pembeni vya daraja la nne, vile ninavyomletea mimi kila mwisho wa mwezi kwenye mfuko wa karatasi, maana kiwandani vingetupwa.

"Ukilegea unaufanyaje?"

"Nakorogea humohumo, bwana. Si ulisema unaliwa?"

*

Niliondoka na kichupa kimoja cha togwa na kipande cha udongo chenye ukubwa wa kucha, nilichokikwangua ndani ya shingo ya chungu huku mama akinitukana.

Utando wetu, kwa asiyejua, ni wanga wa viazi mviringo, nta kidogo ya nyuki, na matone ya mafuta ya karafuu na mchaichai madogo kiasi kwamba elfu moja yakipangwa mstari hayafiki upana wa punje ya mtama. Kila tone limefungwa ndani ya ganda la wanga. Chakula kikiwa salama, ganda limefungwa. Kijidudu kikianza kazi yake kinatoa asidi, asidi inayeyusha ganda, tone linapasuka, mafuta yanatoboa ngozi ya kijidudu na kukimaliza. Kwa hiyo kijidudu chenyewe ndicho kinachofungua mlango wa kifo chake. Nilipobuni hilo nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na nilijiona nina akili sana.

Jumanne asubuhi nilidondosha tone moja la togwa ya mama juu ya parachichi lililovikwa utando, nikaweka chini ya darubini, nikavuta kiti.

Mwanzoni hakuna jipya. Bakteria walitoa asidi, maganda yakayeyuka, mafuta yakamwagika. Nikasubiri wafe. Badala yake walianza kusogea kwenye yale mafuta, wachache, kisha wengi, wakakusanyika kuyazunguka kama watu wenye ndoo kwenye bomba la kijiji. Nilipopima tena baada ya saa moja, mafuta yalikuwa yamepungua na bakteria walikuwa wameongezeka.

Walikuwa wanayala.

"Dikson!" niliita. "Njoo uone kitu kizuri!"

Alikuja, akainama kwenye darubini, akakaa hapo muda mrefu. Alipoinuka hakuwa na uso wa mtu aliyeona kitu kizuri. Saa tisa alasiri utando juu ya parachichi lile ulikuwa umefumuka wote. Jumatano asubuhi parachichi lilikuwa na doa jeusi, na jioni yake chumba kilinuka. Wasaidizi wawili vijana walikuja mlangoni kuuliza ile ni harufu ya nini. Walikuwa hawajawahi kunusa tunda lililooza.

"Daktari," Dikson alisema baada ya kuwafungia mlango, "hii ni Kanuni ya Kumi na Moja."

Niliijua kanuni hiyo, niliiandika mwenyewe. Kijidudu chochote kinachokula mafuta ya utando, chombo kilimomo kichemshwe kwa nyuzi mia na ishirini na moja, kivunjwe, vipande vizikwe. Hakuna rufaa.

"Kuna jambo lingine silielewi," akaendelea. "Kwenye kile kipande cha udongo nimekuta mabaki ya daraja la nne. Mafuta mara mbili. Daraja la nne haliuzwi, Daktari. Huyu mama amelipata wapi?"

Hesabu yake niliimaliza kichwani wakati anaongea. Mtaalamu akitaka kuwafundisha bakteria kula sumu, anawapa dozi ndogo, anabakiza walionusurika, anarudia. Mama alipika togwa kila wiki. Kila wiki alikorogea kipande cha utando, na kila wiki alibakiza kata moja ya mbegu. Miaka kumi na nne, mara mia saba na zaidi. Ningeomba fedha za utafiti kama huo nisingepewa. Na dozi nilikuwa naipeleka mwenyewe, kwenye mfuko wa karatasi, nikijiona binti mwema.

"Kwangu," nikamjibu. "Ni mama yangu."

Dikson alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Nimpe mtu mwingine kazi hii?"

"Hapana. Naomba mpaka kesho saa sita mchana."

"Saa sita," alisema. "Baada ya hapo itabidi nipeleke juu, Daktari. Nina wajukuu. Wanakula kutoka kwenye ghala la mahindi yaliyovikwa utando."

Sikuweza kumchukia kwa hilo. Ghala lilelile liliwalisha watu laki tatu katika ukame wa miaka minne, na hakuna hata gunia moja lililoota ukungu. Kabla ya utando, kwetu tulikuwa tunazika. Mdogo wangu Benaya alikuwa na miaka minne, mimi tisa. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, tukayala wote, yeye ini lake likashindwa. Nilikwenda kusoma kemia kwa sababu yake. Sasa kijidudu hiki kikitoka Lugelo kikaingia ghalani, utando utafumuka gunia baada ya gunia, na ukungu utarudi kukaa mahali pake.

Na kikifa, yule binti wa foleni atarudi kwenye vidonge, na baada yake wengine. Nilitafuta kwenye kumbukumbu za mikoa yote: hakuna chungu kingine kinachochachuka. Nilitaka sana kujua kiumbe hiki kinaweza nini zaidi ya hapo. Hata hilo nalikiri, kwamba sehemu ya uchungu wangu ilikuwa uchoyo wa mtu aliyeonyeshwa kitabu kipya akaambiwa akichome kabla ya ukurasa wa pili.

*

Alhamisi nilifika Lugelo asubuhi na sufuria ya mvuke ya chuma, jiko la gesi, nyundo na fomu. Kichupa, kipande cha udongo na parachichi la maabara, Dikson alikuwa ameshavichemsha na kuvijazia fomu yake. Foleni ilikuwepo. Mama aliitazama ile sufuria, na nadhani alielewa kabla sijafungua mdomo.

Nilimweleza palepale, kwa sauti ya chini, nimechuchumaa kando ya kigoda chake. Nilimweleza yote, na vipande vya daraja la nne, na ghala, na kanuni, na nani aliyeiandika. Alisikiliza huku anakoroga.

"Kwa hiyo wameamka kwa sababu ya utando wako," alisema.

"Ndiyo."

"Na sasa wanaukula."

"Ndiyo, mama."

Akatabasamu kidogo. "Watundu."

"Mama, wakitoka hapa ukungu utarudi. Unakumbuka Benaya."

Kata ikasimama. Nilijua nimesema neno ambalo mimi na yeye hatukuwa tumelisema kwa miaka mingi.

"Usinikumbushe mimi Benaya," alisema taratibu. "Nilimbeba mimi. Mahindi yale niliyapika kwa mikono yangu, na niliyanusa kwanza, Laheli. Nilinusa, nikaonja, hayakuwa na kitu. Yalininyamazia. Ndicho kinachonitisha mpaka leo, chakula kinachonyamaza. Hii togwa ikiharibika itaniambia. Huo utando wako, siku ukiharibika, utamwambia nani?"

Niliitazama ile sufuria niliyoileta.

"Lakini utando uliwaokoa watu," nikasema.

"Uliwaokoa, sijakataa. Basi tengeneza mwingine utakaoelewana na hawa. Au hiyo akili ilikuwa ya mara moja?"

"Itachukua miaka."

"Basi uanze leo. Kanuni yako inataka chungu?"

"Chungu."

"Utakipata. Acha niwahudumie watu kwanza, wametoka mbali."

Nilikuwa na mamlaka ya kusema hapana. Kwenye mfuko wa koti langu kulikuwa na kitambulisho ambacho kingetosha kufunga soko zima. Yule binti mwenye tumbo alikuwa wa kwanza siku hiyo, amenyoosha kikombe chake cha plastiki kwa mikono miwili. Mama akachota. Kata ilitoka chunguni, ikapita mbele ya uso wangu, na kwa muda huo wote neno moja langu lingeisimamisha. Nilimwona Benaya. Niliona maghala, nikawaona na wajukuu wa Dikson ambao sijawahi kukutana nao. Nikamwona pia huyu mtoto, aliyekuwa hai mbele yangu na mwenye kiu.

Sikusema neno. Kata ikamiminwa.

Alihudumia wote. Sikuhesabu, niliogopa kuhesabu. Ukungu wa asubuhi ulipoanza kupanda, chunguni ilibaki ile kata moja ya chini, mbegu, ambayo kwetu haipewi mteja hata akiwa nani.

Mama akaichota. "Kibuyu chako kiko wapi?"

"Kibuyu gani?"

"Mimi nilipoondoka kwetu, mama yangu alinipa mbegu kwenye kibuyu, nianzie kwangu. Na yeye alipewa hivyohivyo. Wewe uliondoka na begi la vitabu, kila nikikuambia chukua unasema utarudi wikiendi. Mbegu yako ilikaa humu miaka ishirini na tano. Leo unataka kuichemsha. Kibuyu kiko wapi?"

"Sina kibuyu, mama."

"Basi kunywa."

Alinishikia kata yeye mwenyewe, kama nilipokuwa mtoto. Ilikuwa nzito, chachu kupita kiasi, na chini ilikuwa na mchanga kidogo wa chungu. Niliinywa yote.

Kisha tukafanya ilivyoandikwa. Chungu kikakaa kwenye sufuria ya mvuke dakika thelathini, kikatoka cheupe shingoni. Nyundo alishika mama. Aliomba apige yeye, na alipiga mara moja tu, akaanza kulia, nami nikamshika. Vipande tulivizika nyuma ya kibanda.

Saa tano na nusu nilikaa kwenye kigoda chake, nikaweka Fomu ya Kumi na Moja kwenye goti. Ni fomu fupi. Chanzo cha kijidudu: nikaandika, utando wa daraja la nne, uliotolewa kiwandani na mkemia mkuu bila kibali kwa miaka kumi na nne. Kinachofuata ni jedwali lenye maelekezo juu yake: orodhesha vyombo vyote vilivyo na kijidudu hiki, na hali ya kila chombo. Yule binti na wenzake wa foleni sikuwaandika. Hawakujua walichokinywa, na mimi nilijua. Wakubwa wa kiwanda wakiniita, nitawaeleza ana kwa ana kwamba chungu kile hakikugawiwa mimi peke yangu, na nitawaeleza nilivyokaa kimya. Ila watanieleza kwanza kanuni yangu inamfanya nini mtu.

Mstari wa kwanza niliandika: chungu cha udongo, mali ya Sesilia Mlowe. Kimechemshwa, kimevunjwa, kimezikwa.

Tumbo langu likanguruma, na mama akaangua kicheko katikati ya machozi yake.

Mstari wa pili niliandika: Laheli Mwalongo, mkemia mkuu, miaka arobaini na mitatu. Bado kizima.